Kushoto kwa Nani

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja ambaye ukimuuliza njia hatakujibu kwa mdomo. Atanyoosha mkono mbele, atakunja kiganja upande mmoja, kisha atashusha vidole viwili polepole, nawe utafahamu kwamba unatakiwa kwenda moja kwa moja, ukate kona, halafu ushuke mteremko. Hakuna aliyewahi kupotea kwa maelekezo yake. Ndiyo maana watu humwita Trafiki, ingawa hajawahi kuvaa sare ya polisi hata siku moja.

Kazi yake ya maisha ilikuwa kuongoza winchi kwenye majengo ya ghorofa. Sisemi kuendesha, nasema kuongoza. Winchi ya mnara ina dereva wake, ambaye hukaa juu kabisa katika kibanda cha vioo, na kutoka huko hawezi kuona kila pembe ya chini. Kwa hiyo chini husimama mtu mwenye kofia ya rangi tofauti na wenzake, akiongea kwa mikono: inua, shusha, zungusha, taratibu, simama. Mashine za kuchanganya zege hupiga kelele kiasi kwamba mwenye kupaza sauti atajichosha koo bure. Mikono ndiyo inayosikika. Ngumi moja iliyofungwa ikiinuliwa, mzigo wa nondo ambao wanaume kumi hawauwezi husimama hewani na kutulia.

Kule juu alikuwapo Mwewe. Alipewa jina hilo kwa sababu alikaa mahali pa ndege, na kwa sababu kitu alichokinyakua hakikumponyoka. Yeye na Trafiki walianza kazi pamoja ndevu zao zikiwa nyeusi, wakaimaliza zikiwa nyeupe. Wakandarasi waliwaajiri wote wawili kwa pamoja, kama mtu anavyonunua viatu. Hata hivyo, mafundi wenzao walikuwa na utani kwamba maneno ambayo wawili hao waliambizana kwa mwaka yangeweza kuwekwa ndani ya kibiriti, na njiti zikabaki na nafasi yao. Asubuhi mmoja alipanda, mwingine akabaki chini. Wakati wa chai walikaa ubao mmoja, kila mtu na kikombe chake, wakitazama walichojenga. Hawakuhitaji zaidi.

Ishara zao ziliwafuata hata nje ya kazi. Trafiki alipomwoza binti yake, mjomba mmoja wa upande wa bwana harusi alishika kipaza sauti akakataa kukiachia. Mwewe alikuwa ameketi upande wa pili wa ukumbi, vichwa vya watu mia vikiwa kati yao. Trafiki akanyanyua mkono hadi usawa wa bega, akaushusha taratibu, kiganja kikiangalia chini: teremsha mzigo. Mwewe alicheka mpaka akatoka nje, na wageni wakadhani ni machozi ya furaha ya harusi.

Kisha wakastaafu, na muda mfupi baadaye Mwewe akapatwa na presha ya macho. Alichelewa kwenda hospitali kwa sababu alidhani ni miwani tu imechoka. Alipokwenda, daktari alimweleza kwa upole kwamba lililopotea halirudi. Mtu aliyekuwa akiona mji mzima kutoka juu akawa hauoni mkono wake mwenyewe.

Trafiki alianza kumtembelea kila wiki. Mwewe alikuwa mjane, akiishi na binti yake, mwalimu wa chekechea, katika nyumba yenye sebule ndogo na meza nzito ya mbao. Trafiki alipewa kiti upande huu wa meza, Mwewe akakaa upande ule kwenye kiti chake cha mikono.

"Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri tu."

Kimya.

"Mvua inaonekana itanyesha," Trafiki alisema siku moja, akajuta papo hapo kwa kutumia neno "inaonekana".

"Ikitaka itanyesha," Mwewe akajibu.

Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Nimelifikiri sana jambo hili tangu nilipolisikia. Watu wawili wanaweza kufahamiana kuliko ndugu wa tumbo moja, lakini ukiwanyang'anya njia yao ya kufahamiana huwa kama abiria wawili kwenye benchi la kituo. Ukimya wa zamani ulikuwa umejaa mikono, na wa sasa haukuwa na kitu ndani yake.

Siku moja Trafiki aliinuka kuaga. Bila kufikiri alivuka mikono yake kifuani, ishara ambayo kwao ilikuwa na maana kwamba kazi imekwisha, tukutane kesho. Mwewe aliendelea kuelekeza uso ukutani. Baada ya muda akauliza, "Umeshaondoka?"

"Bado," Trafiki akasema. Halafu akaondoka.

*

Wakati huo huo, nyumbani kwa Trafiki kulikuwa na mradi mwingine, na hapa ni lazima niweke jambo wazi, kwa sababu mtaani wanalisimulia vibaya. Wanasema alijenga winchi ndogo ili amfariji rafiki yake. Sivyo. Aliianza kwa ajili yake mwenyewe, kabla Mwewe hajaanza kupapasa kuta, na sababu alimweleza mkewe alipoulizwa.

"Maisha yangu yote nimeinua vitu kwa mikono mitupu," alisema. "Sijawahi kugusa hata kitufe. Nataka nijue kitu kinainukaje."

Mkewe ni fundi cherehani. Ana meza ndefu ya kukatia vitambaa, na nusu ya meza hiyo ilitekwa. Akafanya subira ya mke aliyezoea, lakini hakunyamaza.

"Wenzako wakistaafu wanafuga kuku, baba watoto. Kuku hutaga. Hii yako itataga nini?"

"Subiri uione."

"Naiona. Imekula uzi wangu mweusi wote, ule wa kushonea mabegi."

Mnara aliutengeneza kwa spoku za baiskeli alizozilehemu moja moja kwa mshazari, kama nondo za nguzo. Alijiunguza vidole hadi akawa hawezi kushika kikombe cha moto. Mkono wa winchi, ule mrefu unaobeba mzigo, aliutengeneza hivyo hivyo, na chini yake akapitisha kigari kidogo cha kusogeza kulabu mbele na nyuma. Kwenye mkia wa mkono huo akafunga kopo lenye nati za chuma, ili uzito wa nyuma uubebe ule wa mbele. Msingi ulikuwa kopo la rangi lililojazwa saruji. Mota ndogo na gia zake zilitoka kwenye mashine ya kuchapishia karatasi iliyokufa, aliyopewa na fundi redio wa kona ya barabara.

Fundi redio huyo, kijana mwenye maneno mengi kuliko stesheni zote anazozitengeneza, ndiye aliyemsaidia upande wa umeme. Rimoti zilitoka kwenye magari ya watoto. Gari moja lilitosha kwa mambo mawili tu, kuinua na kuzungusha. Kigari cha mbele na nyuma kilihitaji rimoti ya pili. Trafiki akaenda sokoni, akarudi na gari la pili linalofanana na la kwanza kwa kila kitu hadi rangi, akiwa ameridhika sana kwamba vitu vyake vimelingana. Walipowasha, mzigo ukainuka na kigari kikakimbia chenyewe hadi ncha ya mkono, kikaruka, kikaanguka ndani ya kikapu cha vifungo.

"Mzee wangu," fundi redio akasema, akifuta machozi ya kicheko, "hizi ni pacha. Ukiita mmoja wanaitika wote. Nitafutie lenye masafa tofauti."

Siku ya kuunganisha waya za mwisho, fundi aliinua vichwa viwili vya waya. "Ya kuzungusha hii. Nikibonyeza kushoto iende wapi?"

Trafiki alikuwa amesimama mbele ya winchi, akiitazama usoni, mahali ambapo alisimama maisha yake yote. Akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Huku."

Fundi akaunga. Winchi ikafanya kazi. Ilimfika Trafiki kiunoni ilipowekwa sakafuni, ikainua bobini ya cherehani na kuishusha juu ya kitambaa, na mkewe, aliyekuwa amejitayarisha kucheka, akasahau kucheka. Kila jioni Trafiki alisimama mbele yake na rimoti mkononi. Lakini baada ya siku kadhaa aliacha kuigusa. Mkewe alipouliza kama imeharibika, akasema haijaharibika. Ila anapoinua kitu hakuna wa kumwonyesha pa kukipeleka, na anapoonyesha, hakuna wa kuinua.

*

Ziara iliyofuata haikufika sebuleni. Binti wa Mwewe alimpokea getini, akalirudisha geti nyuma yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mzee yupo?"

"Yupo." Alikuwa bado na chaki kwenye mkono wa blauzi. "Baba mdogo, nimepewa salamu zako, na nimekataa kuzifikisha mara mbili. Leo asubuhi ameniuliza kama nimekwambia."

"Sema tu."

"Anasema usijisumbue tena kuja. Anasema mtu akikaa mbele yake kimya, anahisi anatazamwa. Anasema yeye si maiti wa kuagwa." Akashusha macho. "Ni maneno yake, sio yangu. Naomba usikasirike."

"Sijakasirika," Trafiki akasema, na ilikuwa kweli. Alikuwa na jambo zito zaidi ya hasira. Alielewa kwamba akigeuka pale getini na kwenda zake, hatarudi tena, na kwamba mtu pekee aliyewahi kumwelewa bila kumuuliza mara ya pili atakuwa amekufa angali hai.

Aligeuka, akaenda zake.

Mkewe alimsikiliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani. Aliposikia habari ya maiti, akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Miaka yote hiyo," alisema, "hamna hata maneno ya kujaza kikombe kimoja?"

"Hatukuwa na haja nayo."

"Basi sasa mnayo. Hajakufukuza wewe. Amefukuza kimya chako. Kama ningekuwa mimi, ningekufukuza tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, lakini mimi nina macho, nakuona unavyozungumza."

Trafiki akatazama upande wa pili wa meza, ambako winchi ilisimama na kulabu yake ikining'inia.

*

Aliibeba begani, kopo la saruji likiwa mbele na mkono wa spoku ukichungulia nyuma, watu wakimpisha njia. Binti wa Mwewe alipofungua mlango alitazama mzigo, akatazama uso wa aliyeubeba, akasogea pembeni bila kuuliza.

"Nani?" Mwewe akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mimi."

"Hukupewa salamu zangu?"

"Nilipewa."

"Na?"

"Nimeleta mashine."

Aliiweka katikati ya meza, mgongo wa winchi ukielekea kwa Mwewe, uso ukielekea kwake mwenyewe, kama ilivyostahili. Mwewe hakusogea kwanza. Kisha mkono wake ukaja mezani, ukagusa msingi, ukapanda mnara taratibu kama mtu anayepanda ngazi, kidole kwa kidole, hadi juu. Ukatambaa kwenye mkono wa winchi, ukakuta kigari, ukakuta kamba, ukakuta kulabu.

"Hizi ni nini, spoku?"

"Za baiskeli."

"Nani amelehemu?"

"Mimi."

"Nimejua. Lehemu imemwagika kama nta ya mshumaa." Kidole kikarudi nyuma hadi kwenye mkia, kikapima kopo la nati. "Mkia mwepesi. Ukibeba kitu cha maana, winchi italala kifudifudi. Mwanangu, lete lile kufuli la stoo."

Kufuli likaletwa, likafungwa mkiani. Trafiki akamweka mkononi rimoti mbili, ambazo fundi redio alikuwa amezifunga pamoja kwa utepe mweusi ili ziwe kama vishikio viwili vya kibandani. Mwewe alipozishika, viwiko vyake vikatafuta mikono ya kiti vikatulia, na shingo ikanyooka. Binti yake aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemwona baba yake akikaa vile tangu siku ya hospitali.

"Nipe kazi," Mwewe akasema.

Mbele ya Trafiki kulikuwa na kibiriti alichokifunga kitanzi cha uzi, tayari kwenye kulabu. Akainua mkono.

Winchi haikusogea.

"Nasubiri," Mwewe akasema.

"Nimeshakupa."

"Umenipa nini?"

"Nimeinua mkono."

Tumbo la Mwewe likaanza kutikisika. Alicheka hadi rimoti zikagongana na meza. "Bwana wewe. Umetoka kwako mpaka hapa kuja kunipungia mkono? Sema. Mdomo unao, niliwahi kuuona."

Trafiki akalainisha koo. Alijisikia kama mtu anayeambiwa aandike kwa mguu. "Inua," akasema.

Kibiriti kikainuka.

"Inatosha."

"Hilo neno silijui. Kule chini hukuwahi kuniambia inatosha."

"Simama, basi."

"Nimesimama. Sasa?"

"Kushoto."

Mkono wa winchi ukageuka kwa kasi upande usiotakiwa, kibiriti kikapiga kikombe kwenye sinia aliyoileta binti, chai ikamwagika hadi ukingoni mwa meza.

"Kushoto, nimesema."

"Ndiko nilikokwenda."

"Umekwenda kulia."

"Nilibonyeza kulia kwa sababu ulisema kushoto."

Binti, aliyekuwa akifuta meza kwa kitambaa, akasimama. "Samahani, wazee wangu. Kati ya pande hizo mbili, hakuna hata mmoja usio na chai?"

Hawakumsikia. Mwewe alikuwa ameegemea mbele. "Wewe uko mbele yangu, si ndiyo? Tunatazamana. Kushoto kwako ni kulia kwangu. Ukisema kushoto, mimi nabonyeza kulia. Nimefanya hivyo siku zote."

"Siku zote zipi? Siku zote nilikuonyesha kwa mkono."

"Mara chache uliposema kwa mdomo." Mwewe akaweka rimoti mapajani. "Unakumbuka fremu za madirisha? Lile jengo la benki. Tulikuwa tunakunywa chai, ukaniambia fungu la kushoto limefungwa vibaya, nisilinyanyue."

"Nakumbuka sana. Ukapanda ukalinyanyua hilo hilo. Vioo vikapasuka, msimamizi akatufokea kama watoto."

"Niliacha la kushoto. La kushoto kwangu nikiwa kule juu."

"Mimi nilidhani umenipuuza kwa makusudi," Trafiki akasema. "Nilikaa mwezi mzima nikinywa chai nimekupa mgongo."

"Niliuona mgongo. Nikajua umenichukia. Halafu nikiwa kule juu peke yangu nikafikiri, nikaelewa kosa liko wapi. Tangu hapo ukisema kushoto, mimi nasikia kulia. Nageuza kichwani."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje, kwa honi?"

Trafiki akatazama waya zilizoteremka kando ya mnara. "Mimi nimeunga kwa kushoto kwangu," akasema polepole. "Fundi aliniuliza iende wapi, nikamwonyesha mkono wangu. Hii winchi sijawahi kuiona kwa nyuma. Ungebonyeza nilichosema, ingekwenda sawa."

"Kwa hiyo wewe umegeuza kwenye waya."

"Na wewe umegeuza kichwani."

"Tukarudi pale pale." Mwewe akapapasa rimoti kana kwamba imemfanyia utani. "Ndiyo hasara ya kumpa mtu wa chini aunge mashine ya mtu wa juu."

"Mtu wa juu alikuwa amekataa wageni."

Mwewe akakuna kidevu.

Ninapolitafakari tukio hili, huona kwamba hawakuwa wamewahi kuwa na haja ya kushoto wala kulia. Mkono ukinyooshwa hauna jina. Unaelekea mahali, na anayeuona anaufuata hadi hapo. Kwa miaka yote upande mmoja uliitwa majina mawili, kila mtu na lake moyoni, na majengo yakasimama wima. Ni maneno yaliyowafikisha kwenye chai iliyomwagika. Na ni maneno tu yaliyobaki.

"Nitaipeleka kwa fundi abadilishe," Trafiki akasema. "Kazi ndogo."

"Akibadilisha, bado utasema cha kwako na mimi nitasikia cha kwangu. Tuache kushoto na kulia." Mwewe akabonyeza. "Imekwenda wapi?"

"Mlangoni."

"Basi kitufe hiki ni mlango." Akabonyeza cha pili. "Na hapa?"

"Dirishani."

"Hiki dirisha. Mlango na dirisha havihami. Sasa niambie, upande wa dirishani, mezani kuna nini? Nisije nikabomoa nyumba."

"Kuna sinia. Kikombe kimoja kizima, kimoja kimelala. Bakuli la sukari lina mfuniko. Nyuma yake pazia la buluu limegusa meza."

"Pazia letu ni la kahawia."

"La buluu," Trafiki akasema. "Lina maua madogo, kama yamechorwa na mtoto."

"Nilibadilisha, baba," binti akasema. "Mwezi uliopita. Maua waliyachora watoto wa darasani kwangu."

"Hukuniambia."

"Sikujua kama ungetaka kuambiwa."

Mwewe akageuza uso kuelekea dirisha, akauacha huko. "Lisogezeni, lisije likanasa kulabu," akasema. Kisha, kwa sauti nyingine, "Na mimi nimevaa nini?"

"Shati la mistari," Trafiki akajibu. "Vifungo umekosea. Bega moja limepanda ghorofa ya pili, lingine limebaki chini."

"Na watu wote wamenitazama hivi tangu asubuhi?"

"Mimi ndiyo kwanza nimefika."

Binti akaweka kitambaa mdomoni na kwenda jikoni. Mwewe akafungua vifungo na kuvifunga upya, akiapiza kwa sauti ya chini, halafu akachukua rimoti. "Haya. Nipe kazi."

Trafiki alichagua kazi ngumu: kibiriti kiingie ndani ya kikombe kizima. Aliongea. Aliongea kuliko alivyoongea kwenye harusi ya binti yake. Inua. Dirishani. Dirishani tena, kidogo, upana wa ukucha. Simama. Kigari mbele. Kamba inabembea, isubiri itulie. Bado. Bado. Imetulia. Shusha. Taratibu. Paji la uso la Mwewe lilikuwa na jasho.

"Imekaa?" akauliza, kamba ilipolegea.

Trafiki akainama. Kibiriti kilikuwa kimeegemea ukingo, nusu ndani, nusu nje. Ilikuwa rahisi kusukuma kwa kidole na kusema imekaa, na nadhani wengi wetu tungefanya hivyo, tukajiona wema. Lakini yeye alikuwa mtu wa chini, na mtu wa chini anayemdanganya dereva ni hatari kuliko kamba iliyokatika.

"Haijakaa," akasema. "Imeegemea ukingo wa upande wako. Ulikuwa na haraka."

"Wewe ulichelewa kusema simama."

"Nilisema. Ulikuwa unapumua kwa nguvu."

"Vizuri," Mwewe akasema, na alionekana kweli ameridhika. "Inua tena?"

"Inua tena."

Walirudia mpaka chai ya pili ikapoa bila kunywewa. Kibiriti kiliingia, kikatolewa, kikaingia tena. Mara moja kilidumbukia ndani ya sukari, na kila mmoja akaeleza kwa nini kosa si lake. Mchana ulipoisha Trafiki akaanza kukunja waya, akanyoosha mkono kuchukua rimoti.

Mwewe akaziweka mfukoni mwa shati.

"Hizo ni zangu," Trafiki akasema.

"Mashine ni yako. Ibebe." Mwewe akapapasa kifungo cha mfuko, akakifunga. "Lakini kazi ikisimama, dereva anaondoka na funguo. Au sheria imebadilika nikiwa likizo?"

Sheria haikuwa imebadilika. Kila eneo la ujenzi walilofanya kazi ilikuwa hivyo, ili mtu asije akaiwasha winchi bila mwenyewe. Trafiki akaurudisha mkono.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Mapema. Jua likizidi, saruji inakauka."

Alipofika nyumbani akairudisha winchi kwenye nusu yake ya meza. Mkewe alitazama huku na huku, akainua hata kitambaa alichokuwa akikata.

"Rimoti iko wapi?"

"Kwa dereva."

"Sasa hii utaichezea vipi?"

Trafiki alikuwa ameshaanza kulifungua kopo la mkiani, lile lililopungukiwa nati, akitafuta mahali pa kuongeza.

"Niamshe mapema kesho," akasema. "Naingia asubuhi."